SHUKRANI YA PESA YA NYUMBA, SIKU GHARAMA INAPOINGIA BILA HODI



 



Leo tunaongea juu ya jambo ambalo watu wanatuuliza baada ya swala, na wanauliza kwa sauti ya chini kwa sababu linagusa mfuko. Ni pesa ya nyumba. Mtu ana parsele, amejenga vyumba viwili au vitatu, amepangisha. Mwisho wa mwezi mpangaji anapiga hodi, anahesabu faranka au dola, anaaga. Halafu siku moja inakuja gharama ambayo haikupiga hodi. Mtoto anapelekwa hospitali usiku, na kabla ya kupasuliwa wanaomba pesa ya kutanguliza. Au kuna msiba kijijini na safari ni ya siku mbili. Au watoto wamerudishwa kutoka shule kwa ajili ya minervali. Pesa ya nyumba ipo ndani ya sanduku. Inatoka, mtoto anapona, na mwenye nyumba anasema: Alhamdulillahi.

Swali la kwanza wanalouliza: Je, Alhamdulillahi hiyo inatosha? Wengine wanaingia ndani zaidi. Wanasema: mimi nimekaa tu, wenzangu wanabeba mizigo bandarini, wanauza mawese kwenye jua kali. Je, pesa iliyonijia nikiwa nimelala ni safi kama yao, hata nimshukuru Mungu kwayo? Na kuna kundi la tatu, ndilo kubwa, halishukuru hata kidogo. Linasema: kila nikipokea pesa ya nyumba, ugonjwa unaikula. Nishukuru kitu gani?

Tuanze na hawa wa mwisho, maana jibu lao ni fupi.

Ewe ndugu, unahesabu vibaya. Umeweka pesa ya nyumba upande mmoja na ugonjwa upande mwingine, kama maadui wawili wanaogombana nyumbani kwako. Geuza hesabu. Ugonjwa ule ungekuja tu, uwe na parsele au usiwe nayo. Jiulize: ungenikuta mkononi na nini? Sisi sote tunajua asiye na kitu anakimbilia wapi usiku ule. Anakwenda kwa wale watu wa mtaani wanaoitwa Banque Lambert, anaacha kwao karatasi za parsele au simu yake, anachukua dola mia, na siku ya kurudisha anaambiwa mia na nyingine juu yake. Wangapi katika mji huu wamepona ugonjwa wakabaki na deni la riba miaka? Wewe hukufika mlango ule. Mwenyezi Mungu alitanguliza pesa, kisha ndipo gharama ikafika. Neema si lazima iwe kuzuiwa kwa gharama. Mara nyingi neema ni kwamba gharama ilikukuta na kitu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, aliweka subira na shukrani pamoja katika kitabu kimoja cha Ihya, hakuvitenga. Na alisema shukrani ina sehemu tatu: elimu, hali na amali. Elimu ni kuijua neema hasa ni ipi na imetoka kwa nani. Hali ni furaha ya moyo kwa Mwenye kutoa. Amali ni kuitumia neema kwa namna anayoiridhia. Sasa wengi wetu tuna hali tu. Tunafurahi, tunalia kwa furaha, tunaita masheikh wasome dua. Lakini elimu hatuna, na amali inapungua. Kwa hiyo khutba ya leo itakaa sana kwenye elimu: ile pesa uliyoishukuru, ni pesa gani?

Hapa ndipo tunamjibu yule wa pili anayeona haya kwa sababu hakutoa jasho.

Kupangisha nyumba ni halali, wanazuoni wamekubaliana. Unauza manufaa ya nyumba, yaani kukaa ndani yake, na nyumba inabaki yako. Lakini kwa nini pesa hii iwe halali na ya Banque Lambert iwe haramu, wakati wote wawili wamekaa na pesa imewafuata? Jibu limo katika hukumu ya Mtume (S.A.W.), aliyoisimulia Bibi Aisha. Mtu alinunua mtumwa, akamtumikisha kwa muda, kisha akaona kasoro akamrudisha. Muuzaji akadai: basi na pato la kazi yake nilipwe mimi. Mtume akahukumu kwamba pato ni la yule aliyekuwa amebeba dhamana. Kama mtumwa angekufa katika siku zile, hasara ingekuwa ya mnunuzi. Basi na faida ya siku zile ni yake.

Tazama vizuri hapo. Mwenye riba hana dhamana: pesa yake ikiibiwa mikononi mwako, ikiungua, utailipa pamoja na nyongeza. Mwenye nyumba yeye amebeba nyumba kichwani hata akiwa amelala. Upepo ukichukua mabati, ni hasara yake. Ukuta ukipasuka, ni wake. Watu wa Bukavu wanakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Watu wa Goma wameona moto wa Nyiragongo ukishuka Januari 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Watu wa Uvira hawatasahau Aprili 2020, Mulongwe ilipotoka katika njia yake ikaingia majumbani. Siku zile mpangaji alipoteza godoro na masufuria, na hayo si madogo. Lakini mwenye nyumba alipoteza nyumba. Hakuna aliyemrudishia. Ndiyo dhamana hiyo, na ndiyo inayoifanya pesa ya miezi yote iliyotangulia kuwa safi.

Kwa hiyo, ndugu mwenye parsele, usione haya. Jasho lako lilikuwa siku ulipojenga, au jasho la baba yako aliyekuachia, na hatari yako ni ya kila usiku. Lakini ukilielewa hilo, utaelewa na jambo jingine ambalo halitakufurahisha. Siku fundi anapokuambia mbao za juu zimeliwa na mchwa, siku shimo la choo limejaa, gharama hiyo siyo mwizi aliyekuja kuiba pesa yako ya nyumba. Gharama hiyo ndiyo bei ya uhalali wake. Mwenye nyumba anayepokea kila mwezi, kisha paa likivuja anamwambia mpangaji "tengeneza mwenyewe, wewe ndiye unayekaa", anataka faida bila dhamana. Na anayetaka faida bila dhamana amesogea karibu na mlango ule ule tuliousema, hata kama kofia yake ni nyeupe na anakaa safu ya kwanza. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mwenye nyumba asipotengeneza kinachoharibu ukaaji, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Na nyumba ikianguka, mkataba unakwisha, na pesa ya muda uliobaki inarudishwa.

Wapo wanaosema: nyumba haifi, kazi ya ofisi inakufa lakini nyumba haifi. Maneno haya yanafanana na ya yule mwenye bustani mbili katika Suratul Kahf, aliyeingia bustanini mwake akasema hadhani kama itaangamia kamwe. Asubuhi alikuwa anapindua viganja vyake juu ya kile alichotumia ndani yake. Kosa lake halikuwa kuwa na bustani. Aliishukuru bustani yenyewe, akamsahau Mwenye kuotesha.

Sasa tufike kwenye jambo linaloumiza zaidi, nalo ni garanti.

Mpangaji anapoingia analeta pesa za aina tatu, na mwenye nyumba anazitia zote mfuko mmoja. Kuna pesa ya mwezi aliokwisha kukaa: hiyo ni yako, imetulia, ishukuru na uile. Kuna pesa ya miezi ijayo aliyotanguliza: imeingia mkononi mwako, lakini wanazuoni wanasema umiliki wake haujatulia mpaka siku zipite, maana nyumba ikianguka kesho utairudisha. Na kuna garanti. Garanti siyo bei ya kukaa hata siku moja. Ni pesa ya mpangaji iliyolala kwako mpaka atoke. Sheria ya nchi ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba imesema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu, na kila mmoja wetu anajua wapi inaombwa miezi sita na zaidi.

Kwa nini wanaomba mingi? Ukiwauliza watakuambia ukweli: nilikuwa na shida. Mtoto anaumwa, au nataka kumalizia ukuta. Yaani gharama ilipoingia bila hodi, mwenye nyumba alitafuta mpangaji mpya mwenye garanti nene, akaila yote kwa siku moja, kisha akaja msikitini akasema Alhamdulillahi, Mungu amenilipia hospitali.

Mungu ndiye mwenye kuruzuku, hatukatai. Lakini ngoja miezi minane ipite. Mpangaji yule anakuja: "Mama, nimepata kazi Kindu, nahama. Naomba garanti yangu." Au mbaya zaidi: "Baba, mke wangu amelazwa, tunarudi nyumbani kwa wazazi. Nisaidie na garanti yangu." Na mwenye nyumba anamjibu jibu ambalo katika miji yetu limekuwa kama sheria: "Subiri mpaka nipate mpangaji mwingine, garanti yake ndiyo nitakupa." Wiki zinapita. Mpangaji anakuja asubuhi, anaambiwa baba ametoka. Anakuja jioni, anaambiwa mama amelala. Yule mwanamke yuko kitandani hospitalini, na dawa inangojea pesa ambayo ni yake mwenyewe.

Ewe ndugu, mtoto wako alipona kwa pesa ya nani? Alipona kwa pesa ya mtu huyu anayesimama mlangoni. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeponya, na mkono aliopitisha ulikuwa wa mpangaji wako. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyeshukuru watu hajamshukuru Mungu. Basi umemshukuru nani, kama mlango umefungwa?

Sisemi kwamba garanti isiguswe kabisa. Watu wengi hawana benki, na mpangaji mwenyewe anajua pesa haikai chini ya mto miaka miwili. Lakini kama mpangaji amekuruhusu uitumie, imetoka katika amana imekuwa deni, na deni lina hukumu zake: linaandikwa, linarithiwa, linamfunga maiti. Kama hakukuruhusu, imebaki amana, na kuila ni khiyana. Katika njia zote mbili haikuwa pato. Ulikopeshwa na mtu maskini kuliko wewe, bila riba, na hata hakujua kwamba amekukopesha. Kumsifu Mungu kwa sababu umepata mkopo siku ya shida ni jambo zuri sana. Lakini sharti ujue kwamba ni mkopo.

Nataka tumtazame Zubair bin Al-Awwam (R.A.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Huyu alikuwa na nyumba nyingi kuliko yeyote msikitini humu: Imamu Bukhari amesimulia kwamba aliacha nyumba 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri, lakini dinari na dirhamu mkononi hakuacha. Na aliacha deni la 2,200,000. Deni lile lilitoka wapi? Watu walikuwa wanamletea mali awawekee amana, naye anakataa kuiita amana. Anawaambia iwe mkopo, kwa sababu anaogopa isipotee. Amana ikipotea bila uzembe, aliyewekewa halipi. Mkopo ukipotea, aliyekopa analipa. Yaani Zubair alichagua mwenyewe mzigo mzito ili haki ya mwenzake isipotee. Sisi tunafanya kinyume: tunaiita garanti siku ya kuipokea, na siku ya kuirudisha tunaiita mambo ya subira.

Zubair aliuawa mwaka 36 wa Hijra, siku ya Vita vya Ngamia, na asubuhi ile wasia wake kwa mwanawe Abdullah ulikuwa juu ya deni. Abdullah aliuza shamba la Al-Ghaba, lililonunuliwa 170,000, akapata 1,600,000. Akalipa. Warithi wakasema: sasa tugawie. Akakataa mpaka miaka minne ipite, na kila mwaka wakati wa Hija alitangaza: aliyekuwa na haki kwa Zubair aje. Miaka minne! Na kati yetu kuna watoto waliorithi parsele ya baba, wakafukuza wapangaji wote, wakasema garanti mdai marehemu.

Kuhusu zile nyumba zenyewe, Zubair alizifanya sadaka, na akaweka sharti kwamba binti yake aliyeachwa na mume apate pa kukaa humo, asidhuru wala asidhuriwe. Akina baba wanaojenga, lifikirieni hilo.

Sasa amali. Shukrani ya mwenye nyumba inajulikana siku ile ambapo gharama isiyopiga hodi imeingia kwa mpangaji. Wewe ilikuingilia mwezi wa tatu, ukaokolewa na pesa yake. Yeye imemwingilia mwezi wa saba: mshahara haujatoka, au bidhaa zake zimeibiwa barabarani. Anakuja mwenyewe, anasema kweli, hajifichi. Katika Suratul Baqara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu ameamuru mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate nafuu, na amesema kumsamehe ni bora zaidi. Kungoja hapo ni wajibu, siyo ukarimu. Mwenye kutupa vitu vya mtu nje ya parsele mbele ya watoto wake, na yeye mwenyewe mwezi wa tatu alikuwa analia hospitalini, huyo hakupata elimu ya shukrani hata herufi moja.

Je, nimngoje mwaka mzima, na mimi ni mjane, pesa hiyo ndiyo chakula changu? Hapana, mama. Wengi wenye parsele katika kartie zetu si matajiri; ni wajane na wazee ambao chumba kimoja cha mbele ndiyo pensheni yao. Mkataba ukifika mwisho unaweza kumwambia atafute kwingine, kwa notisi na kwa maneno mazuri, na deni lake likabaki deni. Unaweza kutoa katika garanti yake ile miezi asiyolipa, na ukamrudishia kilichobaki. Kinachokatazwa ni kumdhalilisha, na kumpandishia bei katikati ya mkataba kwa sababu wewe umepata msiba. Shida yako haibadilishi bei mliyokubaliana.

Nanyi wapangaji msicheke pembeni. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu. Yupo anayenunua simu mpya na kuvaa vizuri Idi, na mwenye nyumba anamwona kama mtu wa kukimbiwa. Hujui pesa yako ya mwezi huu imekusudiwa hospitali gani.

Neno la haraka juu ya zaka, maana litaulizwa. Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilisema nyumba yenyewe ya kupangisha haina zaka. Zaka ni juu ya pato lake, moja ya arobaini, likikaa kwako mwaka mzima na kufikia nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu. Kama pesa imekwisha kwa ugonjwa kabla ya mwaka, haina zaka. Na garanti uliyonayo usiihesabu kuwa mali yako, isipokuwa siku ya kuhesabu madeni.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya kuandika deni, nayo imefuata karibu kabisa na ile ya kumngoja mwenye dhiki. Kwa hiyo tunawaomba wote wenye wapangaji, wiki hii kabla ya Ijumaa ijayo, waandike karatasi moja kwa kila mpangaji: jina lake, bei ya mwezi, garanti kwa mstari wake peke yake, kama imeruhusiwa kutumiwa au hapana, tarehe ya kuirudisha baada ya kutoka, na mashahidi wawili. Karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake. Anayetaka mfano wa karatasi aje msikitini baada ya swala ya Alasiri. Asiyejua kuandika aje na mpangaji wake, tutawaandikia.